Hyundai Ioniq 5 na Ioniq 5 N: Umbo Jasiri, Sauti ya Kuazima

Kwa zaidi ya miaka mia moja injini ndiyo iliyokuwa ikiamua pua ya gari iwe ndefu kiasi gani, hewa iingilie wapi, moshi utokee wapi na gari lenyewe lilie vipi. Mchoraji alibaki kupamba yale ambayo mhandisi alikwisha kuyakata. Injini ilipoondoka na nafasi yake kuchukuliwa na mota za umeme, umbo na sauti vilibaki bila mwenyewe kwa wakati mmoja, na kila kampuni imelazimika kuamua upya gari lifanane na nini na lisikike vipi. Tathmini hii inahusu namna Hyundai ya Korea Kusini ilivyoyajibu maswali hayo mawili katika magari mawili ya ukoo mmoja: Ioniq 5 iliyotoka mwaka 2021, na Ioniq 5 N, toleo lake la mbio, iliyozinduliwa mwaka 2023. Nimeyaendesha yote mawili nchini Uingereza, la kwanza nikiwa nimelikodi na la pili kwa hisani ya rafiki anayelimiliki. Kuhusu kasi ya kuchaji na maisha ya betri yameandikwa mengi na wengine, kwa hiyo hayo nayaacha. Maoni yangu ni kwamba waliochora mwili wa gari hili walithubutu kuliko waliolitungia sauti, ingawa hao wa sauti nao, kwa njia ambayo sikuitarajia, wana hoja.

Anayetaka kulielewa umbo la Ioniq 5 hana budi kurudi mwaka 1974, pale Hyundai ilipopeleka kwenye maonyesho ya magari ya Turin gari la majaribio lililoitwa Pony Coupe, kazi ya mchoraji wa Kiitaliano Giorgetto Giugiaro. Coupe hiyo haikuwahi kuingia sokoni, lakini Pony ya kawaida, ambayo pia ilichorwa na Giugiaro, ilianza kutengenezwa mwaka 1975 na ndiyo iliyoipa Korea gari lake la kwanza la kuzalishwa kwa wingi. Miaka 45 baada ya Turin, katika maonyesho ya Frankfurt ya mwaka 2019, kampuni ilionyesha gari la umeme lililoitwa 45, lenye mistari iliyonyooka na pembe kali za enzi ile, na Ioniq 5 ni gari hilo hilo likiwa limelainishwa kidogo tu ili liweze kuuzwa. Huo ndio ujasiri ninaousema. Wakati kampuni nyingi zilikuwa zikiyafinyanga magari yao ya umeme yawe laini na ya mviringo, yote yakielekea kufanana, wachoraji wa Hyundai chini ya SangYup Lee walichukua rula.

Uamuzi huo una gharama yake, na gharama hiyo inapimika. Kigezo cha ukinzani wa hewa cha Ioniq 5 ni 0.288, ilhali Ioniq 6, iliyojengwa juu ya jukwaa lile lile, yaani msingi ule ule wa chini wa gari, lakini ikachorwa kwa kuufuata upepo, imeshuka hadi 0.21. Kwa mwendo wa barabara kuu tofauti hiyo hulipwa kwa umeme. Hata hivyo, nikiyatazama magari hayo mawili yakiwa yameegeshwa pamoja, naona kwamba Ioniq 6 imetii fizikia mpaka ikapoteza sura, huku Ioniq 5 ikikumbukwa hata na mtu asiyejua jina lake. Mtu anayesafiri kila siku kati ya miji miwili iliyo mbali anaweza kunipinga kwa haki. Anayeishi mjini hatakuwa na sababu.

Jambo linalowashangaza wengi wanapolikaribia gari hili ni ukubwa wake. Katika picha linaonekana kama gari dogo la milango mitano, la kadiri ya Volkswagen Golf, kwa sababu uwiano wa sehemu zake ni ule ule. Kumbe lina urefu wa milimita 4,635, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 3,000 kamili, yaani mkubwa kuliko ule wa Palisade ya wakati huo, gari la familia lenye safu tatu za viti. Bila injini pale mbele, magurudumu yamesukumwa mpaka pembeni kabisa na pua imebaki fupi. Betri nayo imelala chini ya sakafu yote, na unene wake huwainua abiria na kuufanya ubavu wa gari uwe mnene kuliko jicho linavyopenda, jambo ambalo wachoraji wa magari ya umeme wote wanahangaika nalo. Hila za kawaida ni mbili, rimu kubwa na plastiki ya rangi tofauti sehemu ya chini, na hapa zote mbili zimetumika. Ya tatu ndiyo iliyonivutia: mkunjo mmoja mkali unaokata milango miwili kwa mshazari. Nilisimama kuutazama jioni jua likiwa limeshuka, na juu ya mkunjo bati lilikuwa linang'aa wakati chini yake lilikuwa karibu jeusi, kiasi kwamba ubavu ule mnene uligawanyika vipande viwili vyembamba.

Taa za mbele na za nyuma zimeundwa kwa vimraba vidogo vya mwanga, pikseli kama zinavyoitwa kwenye skrini, na vimraba hivyo vinarudiwa sehemu nyingi za gari mpaka vikawa alama yake. Katikati ya usukani hakuna nembo ya kampuni. Badala yake kuna nukta nne zilizopangwa mstari mmoja, ambazo kwa maandishi ya Morse ni herufi H. Sijui ni madereva wangapi watakaoligundua hilo bila kuambiwa, na napenda kwamba kampuni haikujali. Lisilopendeza ni dirisha la nyuma. Magari ya mwanzo yalitoka bila waipa ya nyuma kwa imani kwamba hewa inayopita kwenye kipande cha juu ya dirisha ingetosha kulisafisha, na imani hiyo haikuhimili mvua za Ulaya wala malalamiko ya wanunuzi. Toleo lililofanyiwa marekebisho kwa mwaka 2025 likaongezewa waipa. Hapo mchoraji alishindana na tope, na tope likashinda.

Ndani nitapita haraka, kwa kuwa huko ubunifu ni mzuri bila kuwa na jipya kubwa. Sakafu ni bapa, kisanduku cha katikati ya viti vya mbele kinaweza kusogezwa nyuma milimita 140 ili dereva apate kutokea mlango wa upande wa pili akiegesha pabanwa, na skrini mbili za inchi 12.3 zimewekwa kwenye ubao mmoja usiojaribu kujificha. Ni sebule nzuri.

Sasa sauti, na hapa sharti zitenganishwe sauti mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni ile inayomlinda mtu aliye nje ya gari. Gari la umeme linalotembea polepole karibu halisikiki. Kelele za matairi na upepo huanza kutawala linapokaribia kilomita 20 hadi 30 kwa saa, na chini ya hapo mtu asiyeona, au mtoto anayekimbilia mpira, hana onyo lolote. Ndiyo maana kanuni namba 138 ya Umoja wa Mataifa inayataka magari haya yatoe mlio yakiwa chini ya kilomita 20 kwa saa na yanaporudi nyuma, na Umoja wa Ulaya umelazimisha hivyo kwa kila aina mpya ya gari tangu Julai 2019 na kwa kila gari jipya linalouzwa tangu Julai 2021. Marekani ina sheria yake, ambayo inafika kilomita 30 kwa saa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inataka angalau desibeli 50 kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa na 56 kwa kilomita 20, isizidi 75, na inataka mlio uwe unapanda kadiri gari linavyoongeza mwendo ili sikio litambue kama linakuja au linasimama. Inataka pia sehemu ya mlio huo iwe katika masafa ya hezi 1,600 au chini yake, kwa sababu wazee ndio wanaopoteza kwanza usikivu wa sauti nyembamba.

Mlio wa Ioniq 5 unatimiza yote hayo. Ni mvumo mpole wenye uzi mwembamba wa juu, unaopanda taratibu gari linapoondoka na kufifia kabla hujaamua kama umeupenda. Katika maegesho ya chini ya ardhi, penye kuta za zege, ulisikika vizuri na niliweza kujua gari liko upande gani bila kugeuka. Kwenye barabara yenye malori ulimezwa kabisa. Hilo si kosa la kampuni moja. Desibeli 50 ni chini ya sauti ya watu wawili wanaozungumza kawaida, na kiwango hicho kinadhani kwamba mtaa wenyewe umetulia. Nikifikiria Kariakoo saa tano asubuhi, au Gikomba, penye vipaza sauti vya wauza nguo na honi zisizokoma, naona wazi kwamba mlio uliotungwa kwa ajili ya mtaa wa nyumba za makazi wa Ulaya hautamfikia mtu. Kuongeza ukubwa wa sauti si jibu, kwani tutakuwa tumeuza ukimya ambao ndio faida mojawapo ya umeme. Sikio hutambua mahali sauti inapotoka kwa urahisi zaidi iwapo sauti hiyo ina masafa mengi kwa pamoja, kama mchakacho, kuliko iwapo ni noti moja tupu, na hapo ndipo ningependa wabunifu waelekeze nguvu. Tayari Nairobi ina mabasi ya umeme ya BasiGo tangu mwaka 2022, na Nissan Leaf zilizotumika zimebeba abiria wa teksi jijini humo. Leaf za mwanzo zilikuwa na mlio wa tahadhari kabla sheria hizi hazijaanza kufanya kazi, lakini zilikuwa pia na kitufe cha kuuzima, na anayenunua gari lililotumika afadhali aulize kitufe hicho kiko wapi.

Sauti ya pili ni ile anayotungiwa dereva, na katika Ioniq 5 N imetungwa bila haya. Gari hili lina nguvu ya kilowati 448, zinazofika 478 kwa sekunde chache dereva akibonyeza kitufe chekundu kwenye usukani, na linatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.4. Lina spika 10 kwa ajili ya mfumo wa sauti, nane zikiwa ndani na mbili nje, na dereva anachagua kati ya sauti tatu. Ignition inaiga injini ya petroli ya lita mbili yenye tabo, ile ya magari ya mbio ya Hyundai yenye jina la N yaliyotangulia. Evolution imetokana na RN22e, gari la majaribio la umeme la kampuni. Supersonic inaiga ndege ya kivita yenye injini mbili, na ni mchezo wa mtoto aliyepewa kidude kipya. Nilicheka mara moja nikaibadilisha.

Juu ya sauti hizo kuna giaboksi la kuigiza. Gari halina gia za kubadilisha, kwani mota zake huzunguka hadi mara 21,000 kwa dakika bila kuhitaji gia ya pili. Lakini ukiwasha mfumo uitwao N e-Shift, kompyuta inaigawa nguvu ya mota katika ngazi nane, inachora kwenye skrini mshale wa mizunguko unaoishia 8,000, na kila unapovuta kibao cha nyuma ya usukani inaikata nguvu kwa kitambo kifupi halafu inairudisha kwa mshtuko, kama giaboksi la klachi mbili lifanyavyo. Usipobadilisha kwa wakati, mshale unagonga kikomo, sauti inaanza kukatika na gari linakataa kuongeza kasi, ingawa mota zenyewe zina uwezo tele. Ukiwa katika gia kubwa kwa mwendo mdogo gari linakuwa zito. Yaani wahandisi wamelifanyia kazi kubwa gari lenye uwezo zaidi ili liige udhaifu wa gari lenye uwezo mdogo.

Niliingia ndani ya gari hilo nikiwa nimekwisha kuamua kwamba huo ni upuuzi. Wahenga wanasema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na sauti ya kuazima niliiona hivyo hivyo. Kwenye barabara za milimani za Wales, zenye kona zinazofuatana bila nafasi ya kupumua, mambo yalikuwa tofauti. Gari la umeme lenye nguvu nyingi na lisilo na sauti humnyima dereva habari: mwendo unapanda bila dalili, na njia pekee ya kujua umefika wapi ni kushusha macho kwenye dashibodi, wakati macho hayo yanatakiwa kwenye kona. Gari likiwa katika gia ya tatu ya kuigiza na mvumo ukiwa umefika mahali fulani, sikio lilijua mwendo, mguu ukajua ukanyage kiasi gani, na niliweza kuingia kona inayofuata nikiwa nimeitazama muda wote. Mshtuko mdogo wa kubadilisha gia uliniambia pia kama matairi ya nyuma yana mshiko, kwa kuwa kwenye lami yenye unyevu yalijibu kwa namna nyingine. Kwa hiyo uigizaji huu una kazi. Una kazi pale tu unapobeba habari, na katika foleni ya mjini, gari likinguruma limesimama kwenye taa nyekundu wakati kiti hakitetemeki hata kidogo, unabaki kuwa maigizo matupu.

Ndiyo maana nasikitika kidogo kwamba sauti iliyopewa nafasi ya kwanza ni Ignition. Evolution, kwa masikio yangu, ndiyo kazi bora ya kundi zima, kwa sababu imeanza na mlio halisi wa mota za umeme, ule mluzi mwembamba unaopanda pamoja na mizunguko, kisha ikaujazia uzito chini yake. Haikusingizii petroli, na bado inakwambia uko mwendo gani. Kama mwili wa gari ulivyokataa kujifanya kuwa una injini mbele, sauti hii nayo ingeweza kuwa ndiyo ya kwanza kusikika unapowasha gari.

Kampuni nyingine zimekwenda njia tofauti. BMW ilimwita mtunzi wa muziki wa filamu Hans Zimmer, akafanya kazi na mbunifu wa sauti wa kampuni, Renzo Vitale, na matokeo katika magari kama i4 ni muziki unaovimba ukikanyaga mafuta, kama bado tunaruhusiwa kusema hivyo. Ni mzuri, lakini ni mzuri kwa namna ya ukumbi wa sinema, na baada ya muda nilitamani kuuzima. Renault ilimtafuta mwanamuziki wa Kifaransa Jean-Michel Jarre. Abarth, katika 500e, iliweka spika ya nje inayotoa mlio wa ekzosi ya gari lake la petroli, na hapo uigizaji umebaki bila kazi yoyote, kwa sababu mlio huo hauambatani na gia wala hauelezi lolote kuhusu mshiko wa tairi.

Umbo la N nalo linastahili neno. Limeshushwa milimita 20 na kupanuliwa milimita 50, na limekuwa refu kwa milimita 80, sehemu kubwa ikiwa ni ya kipande cha nyuma kinachoelekeza hewa. Mbele pana matundu ya kweli ya kupitisha hewa, kwa kuwa mota na betri zinazotumika kwenye uwanja wa mbio hupata joto kali. Ni nadra kuona gari la umeme likiwa na sababu halali ya kufungua uso wake. Kile kisanduku cha kusogea kimeondolewa na badala yake kuna cha kudumu, kilichotiwa pedi za kuegemeza goti la dereva kwenye kona. Ukanda wa rangi ya chungwa unaozunguka chini ya gari ndio pekee ninaouona kuwa umezidi.

Huko Marekani N ilitangazwa kwa dola 66,100 katika mwaka wake wa kwanza, fedha nyingi kwa gari ambalo sehemu yake bora ya mwili inapatikana pia katika Ioniq 5 ya kawaida. Anayetaka gari la kila siku namshauri achukue hiyo ya kawaida, ya 2025 kuja huku, kwa ajili ya waipa. N naipendekeza kwa mtu anayeishi karibu na barabara zenye kona nyingi au uwanja wa mbio, atakayechagua Evolution, awashe gia za kuigiza akiwa huko tu, na azime spika mbili za nje kabla ya kuingia mtaani kwake usiku.